Tarehe Mbili na Jibu: Hotuba Kuhusu Barua ya Kuomba Likizo

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wafanyakazi na waajiri wadogo katika ukumbi wa kijamii mashariki mwa jiji la Nairobi, kisha ikaandikwa upya na msemaji mwenyewe.)

Bwana Mwenyekiti, wafanyakazi wenzangu, waajiri mliotuheshimu kwa kufika, mabibi na mabwana, hamjambo.

Nilipoalikwa kuzungumza kuhusu barua ya kuomba likizo, binti yangu alicheka, akaniuliza kama kweli kuna mtu atakayeacha shughuli zake za Jumamosi alasiri aje kufundishwa kuandika barua ambayo yeye huituma kwa kubonyeza simu mara tatu. Nilimjibu kwamba nimekaa miaka 26 katika masjala ya kampuni moja ya Eneo la Viwanda, kwamba kila barua iliyoingia humo ilipita mikononi mwangu kabla ya kufika mezani kwa meneja, na kwamba barua za likizo ndizo zilizonitia uchungu kuliko zote. Barua ya kuomba kazi mtu huiandika kwa uangalifu, akaisoma mara tatu, akaazima hata kalamu nzuri. Ya likizo huandikwa juu ya goti, saa saba mchana, mwandishi akisubiri githeri yake ipoe.

Nianze na moja ninayoikumbuka. Ilikuwa karatasi ya daftari la shule, imechanwa upande wa kushoto na kukunjwa mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Mwenyewe alikuwa bawabu wetu wa lango la nyuma, mtu mpole, asiyechelewa hata siku ya mvua. Aliandika hivi: "Kwa Bosi. Naomba unikubalie niende nyumbani kidogo kwa sababu mama ni mgonjwa na pia nyumba inavuja na watoto wanataka kuniona. Nitarudi. Asante na Mungu akubariki." Basi. Haikuwa na tarehe ya kuandikwa, wala siku ya kuondoka, wala siku ya kurudi, na jina lililokuwa chini yake lilikuwa moja tu, la ubatizo, katika kampuni iliyokuwa na mabawabu watatu wenye jina hilo. Meneja aliisoma, akaigeuza kuona kama kuna maneno nyuma, akaniuliza, "Karani, huyu anataka nini hasa?" Sikuwa na jibu. Barua ikalala kwenye trei siku tisa.

Baadaye nilimwuliza bawabu yule hali ya mama yake. Akainamisha kichwa, akaniambia mama ni mzima wa afya, analima. Alikuwa ametimiza mwaka na miezi minne langoni bila likizo, lakini aliona haya kuandika kwamba anataka kupumzika, akaamini kuwa likizo haitolewi mpaka pawe na mkasa.

Nadhani neno lenyewe linatuponza. Kwa Kiswahili tunamwomba Mungu, tunaomba msamaha, tunaomba chumvi kwa jirani, na ombaomba wa barabarani naye ana kazi hiyohiyo ya kuomba. Mtu akiambiwa aandike barua ya "kuomba" likizo, kalamu yake hupiga magoti kabla yake. Sheria ya nchi hii haimwoni hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inasema kwamba mfanyakazi aliyetumika miezi 12 mfululizo anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili. Hizo ni siku za chini kabisa. Mkataba wako unaweza kukupa 24 au 30, ila hauwezi kukupa 15. Kwa hiyo unapoandika barua hii, siku huziombi, kwa sababu siku ni zako tayari. Unachokiomba ni tarehe. Siku ni zako, tarehe ni za kupatana, na yote nitakayosema leo yametoka hapo.

Haki hii haikushuka na mvua. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kuhusu likizo yenye malipo huko Geneva mwaka 1936, na kiwango cha chini kilichowekwa wakati huo kilikuwa siku sita za kazi kwa mwaka. Sita! Wazazi wetu wengi waliojenga reli na kupakia magunia katika mji huu hawakuzipata hata hizo.

Sasa, ikiwa barua ni ya tarehe, basi sharti tarehe zihesabiwe sawasawa, na hapa ndipo nilipoona fujo kubwa kuliko mahali pengine popote. Sheria imesema siku za kazi. Haikusema siku za kalenda. Tuchukue Desemba ya mwaka 2025, kwa kuwa Desemba ndiyo kila mtu anayoitaka. Mtunza ghala anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa anataka siku 10 kuanzia Jumatatu tarehe 8. Wengi watahesabu kwa vidole na kusema kwamba siku 10 zinaishia Ijumaa tarehe 19, na Jumatatu tarehe 22 yupo kazini. Wamemwibia siku moja, na mwizi ni yeye mwenyewe. Ijumaa tarehe 12 ni Sikukuu ya Jamhuri, siku ambayo hangefanya kazi hata kama hangekuwa likizoni, kwa hiyo haihesabiwi. Siku zake za kwanza nne ni tarehe 8 hadi 11, tano nyingine ni tarehe 15 hadi 19, na ya kumi ni Jumatatu tarehe 22. Anarudi Jumanne tarehe 23.

Lakini rafiki yake anayeuza vifaa vya umeme katika duka la Barabara ya Luthuli, na ambaye hufanya kazi siku sita kwa wiki, akiandika barua hiyohiyo neno kwa neno, atakuwa amekosea. Kwake Jumamosi ni siku ya kazi, nayo huhesabiwa. Atatumia tarehe 8 hadi 11, Jumamosi tarehe 13, kisha tarehe 15 hadi 19, na Jumamosi tarehe 20 atatakiwa awe nyuma ya kaunta. Watu wawili, siku 10 kila mmoja, na wanarudi kazini siku tofauti. Nimeshuhudia ugomvi wa kweli ukizuka kwa jambo hili, mtu akiitwa mtoro kwa sababu yeye na msimamizi wake walihesabu kwa kalenda mbili. Dawa yake ni kuandika tarehe tatu waziwazi: siku ya kwanza ya likizo, siku ya mwisho, na siku utakayoripoti kazini. Maneno kama "wiki mbili" au "katikati ya mwezi" hayana kazi ndani ya barua hii.

Nimewaletea barua moja ambayo ningependa niisome yote, kisha tuichambue. Nimeacha wazi majina na namba ili kila mtu ajaze zake.

S.L.P. ........, NAIROBI.
3 Novemba 2025

Meneja wa Utumishi,
(jina la kampuni),
S.L.P. ........, NAIROBI.

Kupitia kwa: Msimamizi wa Ghala

Kwa Bw./Bi.,

MINT: LIKIZO YA MWAKA, SIKU 10, KUANZIA TAREHE 8 DESEMBA 2025

Mimi ni mtunza ghala katika idara ya rangi, nambari ya kazi ........ Naomba kuchukua siku 10 za kazi katika likizo yangu ya mwaka, kuanzia Jumatatu tarehe 8 Desemba 2025 hadi Jumatatu tarehe 22 Desemba 2025. Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, haimo katika hesabu hiyo. Nitaripoti kazini Jumanne tarehe 23 Desemba 2025.

Kwa hesabu yangu, kati ya siku 21 za mwaka huu nimekwisha kuchukua 6, na baada ya likizo hii nitabakiwa na 5.

Mwenzangu wa zamu ya mchana amekubali kushika ghala kwa muda huo. Tutahesabu mali pamoja Ijumaa tarehe 5 Desemba alasiri, nami nitamkabidhi funguo mbili na daftari la kutolea mali mbele ya msimamizi.

Ikiwa tarehe hizi hazitafaa kwa sababu za kazi, naweza kuanza Jumatatu tarehe 5 Januari 2026 kwa idadi hiyohiyo ya siku. Nitashukuru kupata jibu kwa maandishi kabla ya tarehe 17 Novemba, ili niweze kupanga safari.

Wako mwaminifu,
(sahihi)
(majina kamili)

Imekwisha. Mmeona kwamba hakuna mgonjwa, hakuna paa linalovuja, wala Mungu hakuitwa kushuhudia. Mtu hatakiwi kueleza atakachofanya na likizo yake ya mwaka. Akitaka kulala siku zote 10 chini ya mwembe, ni shauri lake na mwembe. Sababu huandikwa tu pale ambapo ndiyo inayozifunga tarehe, kwa mfano harusi ya mtoto iliyokwisha kutangazwa kanisani, na hata hapo sentensi moja yatosha. Ukianza kuzoea kueleza shida zako ili upewe siku zako, mwaka utakaokosa shida utaandika nini?

Kuhusu kichwa cha barua, najua walimu wetu wana vita vyao: huyu anataka MINT, yule KUH, na mwingine YAH. Andika utakacho. La muhimu ni kwamba mstari huo ubebe aina ya likizo, idadi ya siku na tarehe ya kuanza, kwa sababu meneja mwenye barua 40 mbele yake husoma mstari huo kwanza, na wakati mwingine ndio peke yake anaousoma.

Nimeulizwa pia kama barua ni lazima iwe ya Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inavitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Jamhuri hii. Ofisi nyingi za Nairobi zimezoea Kiingereza, na anayekimudu akitumie. Lakini nimeona barua za Kiingereza cha kuazima ambamo mtu aliandika kwamba anaacha kazi, kumbe alitaka kusema anakwenda likizo, na kueleza kosa hilo kulichukua asubuhi nzima. Afadhali Kiswahili unachokitawala.

Aya ya makabidhiano ndiyo inayopuuzwa zaidi, nami naiona kuwa moyo wa barua. Meneja anaposhika ombi lako, swali lililo kichwani mwake ni nani atafungua ghala Jumatatu asubuhi. Ukilijibu kabla hajaliuliza, umemwondolea sababu ya kwanza ya kukataa. Ila tafadhali msimwandike mtu bila kumwambia. Niliwahi kupokea barua mbili kwa siku moja, za marafiki wawili wa kiwanda kimoja, kila mmoja akimtaja mwenzake kuwa ndiye atakayemshikia zamu, na tarehe zikiwa zilezile. Hawakuwa wamezungumza. Meneja alizibana pamoja kwa pini, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu: "Mkapatane kwanza."

Funguo na daftari nimezitaja kwa makusudi. Mtunza ghala akiondoka bila kuhesabu mali na mwenzake, kisha zikapotea ndoo tano za rangi, nani atazilipa? Hesabu ya Ijumaa, iliyotiwa sahihi na watu wawili mbele ya wa tatu, humwezesha kula pilau ya Krismasi bila kushtuka kila simu ikilia. Tukitaja simu, wengine huandika mwishoni, "nitapatikana kwa simu wakati wote." Usiandike. Kampuni ina namba yako, na kukiwa na dharura watapiga. Lakini ukiahidi kwa maandishi kwamba utapatikana wakati wote, umeuza likizo yako kabla hujapanda basi.

Niingie sasa katika jibu, na hapa nitajisema mwenyewe, kwa sababu mjadala wa barua bila jibu ni kama kikombe kisicho na kitako.

Mwaka 1999, nikiwa bado kijana masjalani, nilitaka siku nane niende kwetu upande wa Voi, ambako ndugu zangu walikuwa wakiinua kuta za nyumba ya mama. Nilimwendea mkubwa wangu, mtu mwema kabisa, nikamweleza kwa mdomo. Akaniambia, "Nenda tu, tutaandika ukirudi." Mimi, ambaye kila siku niligonga muhuri kwenye barua za wengine, sikuandika hata mstari. Nilipanda treni ya usiku ya Mombasa, nikashuka kwetu alfajiri, nikachanganya saruji siku nane, nikarudi na kikapu cha maparachichi ya kuwagawia wenzangu. Kumbe wiki ileile mkubwa wangu alikuwa amehamishiwa tawi la Nakuru. Aliyekuja mahali pake alikuta meza yangu tupu, akauliza, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya kumwonyesha. Juu ya meza nilikuta barua ya kunitaka nijieleze kwa nini sikuonekana kazini. Na kwa kuwa karani wa masjala nilikuwa mimi, ikanibidi niifungulie faili kwa mkono wangu, niigonge muhuri, na kujiandikisha katika daftari kwamba nimeipokea.

Nilimpigia mkubwa wangu wa zamani. Alikiri, akacheka, akaniambia ni kweli alinipa ruhusa. Nilipomwomba aandike mistari miwili, akasema hapendi kuingilia mambo ya ofisi aliyokwisha kuiacha. Mshahara wa siku nane ulikatwa. Maparachichi niliyagawa hata hivyo.

Ningekuwa na bahati mbaya zaidi ningeipoteza kazi yenyewe. Sheria ya sasa, katika kifungu cha 44, inahesabu kutoonekana kazini bila ruhusa wala sababu halali kuwa miongoni mwa makosa makubwa yanayoweza kumfanya mtu afutwe papo hapo. Mtu huyohuyo, akiwa na tarehe zilizokubaliwa kwa maandishi, yuko upande mwingine kabisa wa sheria, maana kifungu cha 46 kinasema kwamba kwenda likizo unayostahili, au hata kupendekeza kwenda, si sababu ya haki ya kukufukuza wala kukuadhibu. Angalieni basi kilichoko kati ya vifungu hivi viwili: karatasi moja yenye tarehe mbili na jibu. Mwenye karatasi amelindwa hata kwa kuomba tu. Asiye nayo atabaki kusema, "lakini bosi aliniambia."

Kwa hiyo chapeni au andikeni nakala mbili. Moja mwachie karani au tarishi, na ya pili agonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha mrudi nayo nyumbani. Karani akikataa kugonga, mwombe kwa upole aandike tarehe na kutia sahihi. Tulio wengi hatukatai. Tunachokichukia ni kuombwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. Jibu likija, liweke pamoja na nakala hiyo. Lisipokuja kufikia siku uliyoitaja, andika barua ya pili, fupi, yenye kutaja tarehe ya ile ya kwanza. Na tiketi ya basi usinunue mpaka jibu liwe mkononi, hata kama nauli za Desemba zinapanda kila unapopepesa macho.

Vijana mtaniambia kwamba siku hizi kila kitu kiko kwenye simu. Nakubali, na barua pepe naiona kuwa nzuri kuliko karatasi kwa jambo moja, kwamba hubeba tarehe na saa yake yenyewe bila muhuri wa karani. Mifumo ya kompyuta ya likizo nayo husaidia, ingawa ni busara kupiga picha ya ukurasa unaoonyesha kwamba ombi limekubaliwa. Ninachokihofia ni ujumbe wa WhatsApp. Tiki mbili za buluu zinaonyesha kwamba bosi ameufungua ujumbe wako, basi. Hazionyeshi kwamba amekubali, na kidole gumba kilichoinuliwa ni ushahidi dhaifu mno wa kumweka mtu siku 10 mbali na kazi yake. Ikiwa kazini kwenu ndiyo njia mliyoizoea, andika ujumbe wenye tarehe zote tatu, umwombe ajibu kwa maneno, na uuhifadhi.

Je, mwajiri akikataa? Tutenganishe mambo mawili. Anaweza kuwa na sababu njema ya kukataa tarehe. Kiwanda cha mikate hakiwezi kuwatoa waokaji wote wiki ya Krismasi, na mhasibu hawezi kutoweka wakati wa kufunga hesabu za mwaka. Ndiyo maana barua niliyoisoma ilikuwa na tarehe za akiba. Lakini kukataa tarehe kila mara, mwaka baada ya mwaka, bila kutoa nyingine, ni kukataa siku zenyewe, na hilo hana ruhusa nalo. Sheria inaruhusu likizo igawanywe vipande, ila kwa ridhaa ya mfanyakazi, na mkiwa hamkuafikiana vingine, kipande kimoja kiwe angalau wiki mbili za kazi bila kukatizwa, kichukuliwe ndani ya mwaka huohuo wa kazi. Zilizobaki zichukuliwe ndani ya miezi 18 baada ya mwaka huo kumalizika. Mwajiri naye anatakiwa kuweka kumbukumbu ya siku ulizostahili, ulizochukua na zilizobaki. Kumbukumbu hizo zikipotea, au zikiandikwa kwa kalamu yenye usahaulifu, nakala zako zenye mihuri ndizo zitakazozungumza.

Huzungumza pia siku ya kuagana. Anayeacha au kuachishwa kazi kabla ya kutimiza mwaka, mradi amemaliza angalau miezi miwili mfululizo, hesabu yake ya likizo ni siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliotimiza. Miezi saba ni siku 12 na robo. Si pesa za kununulia gari, lakini ni kodi ya chumba.

Likizo nyingine nitazigusa tu. Mama mjamzito ana miezi mitatu kwa malipo kamili, na anatakiwa kumwarifu mwajiri kwa maandishi siku zisizopungua saba kabla, akitaja siku atakayoondoka na kwamba atarudi. Mnaona sheria yenyewe inavyodai tarehe. Likizo hiyo haimezi siku zake 21. Baba ana wiki mbili. Ugonjwa hauombewi tarehe, kwa hiyo huko cheti cha daktari ndicho kinachofanya kazi ya barua, ila mwajiri apewe habari mapema iwezekanavyo.

Wako hapa akina mama na akina dada wanaofanya kazi majumbani, nao wameniuliza mlangoni kama haya yanawahusu. Yanawahusu. Sheria ya Ajira haikuweka mpaka kwenye lango la kiwanda. Najua ni vigumu kumwandikia barua rasmi, yenye S.L.P. mbili, mtu ambaye asubuhi mlikunywa naye chai jikoni. Mama mmoja wa Buru Buru, mwajiri, alinieleza wanavyofanya yeye na dada anayemsaidia. Wana daftari dogo kwenye droo ya vijiko. Dada huandika, "Mama, nataka likizo yangu kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, nitarudi siku fulani," naye huandika chini yake, "Nimekubali," kisha kila mmoja hutia sahihi. Mistari miwili. Daftari hilo lina miaka sita sasa, na limechafuka mafuta ya kupikia, lakini tarehe zote zinasomeka. Waajiri mlioko hapa, daftari kama hilo linauzwa kwenye kila kioski cha mtaa huu.

Bwana Mwenyekiti ananionyesha saa. Kwenye meza ya nyuma kuna karatasi tupu, kalamu, na kalenda ya mwaka ujao yenye sikukuu zimezungushiwa wino mwekundu. Ningependa kila mmoja aandike yake kabla hatujaondoka, nami nitapita kuzisoma. Wenzetu wa zamu ya usiku watangulie, kwa sababu wanaingia kazini saa kumi na mbili, na bawabu aliyekaa pale mstari wa pili ameniambia kwamba yake ataiandika kwa majina yake yote matatu.